Siku Leso Zote Zilipokuwa Juu

Mdogo wangu alikuwa ameinama kunishika kwapani aninyanyue, nilipouona ubao juu ya kichwa chake. Ulikuwa hewani, tumbo lake limelowa na linang'aa, na juu yake mtu mzima mwenye viatu vya ngozi, mikono kaitandaza kama anayefukuza kuku. Sikuwahi hata kumwambia lala. Ubao ulimpiga nyuma ya shingo, ukashukia goti langu, na yule mtu akatupita akaanguka matopeni mbele yetu. Alikuwa anacheka. Alikuwa hajajua. Juu ya tuta vigelegele vilikuwa vinapigwa, na kipaza sauti kikasema, "Huyo! Huyo ndiye kijana wetu!"

Mdogo wangu alinilalia tumboni. Nikawa namwita, na huku namtoa tope masikioni, kama kwamba shida yake ni kutosikia tu.

Ni miaka mingi sasa, na mpaka leo Idsowe na Garsen watu wakimtaja husema, maskini, aliingia njiani mwenyewe. Naandika kwa sababu ya hilo neno, njiani mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo nitaandika kama ninavyosema, na wale waliofanya jambo hili nitawataja kwa kazi zao. Wanajijua, na watu wa kwetu watawajua.

Ilikuwa mwaka wa ile mvua ya Elinino, tisini na saba kwenda tisini na nane. Mto ulitoka kwenye kingo zake ukaja mpaka vitandani. Migomba ilisimama ndani ya maji mpaka ikaoza imesimama. Tuliokuwa na mitumbwi tuliwabeba wasiokuwa nayo, tukaenda kukaa kwenye tuta. Tuta lenyewe lilikuwa la mkandarasi mmoja aliyekuja zamani kuzuia maji, akalundika udongo wa mfinyanzi mlima mzima, halafu akaondoka na mitambo yake kabla hajauunganisha na kitu chochote. Halikuzuia maji hata kidogo. Lakini lilikuwa juu, na sisi tulitaka mahali pa juu tu.

Waorma nao walifika hapo na ng'ombe waliobaki. Tukawa wote juu ya tuta moja, sisi watu wa mashamba upande wa mto, wao upande wa nyika, ng'ombe katikati. Kazi hamna. Utalima nini? Utachunga wapi? Wazee walikaa wakatazama maji. Sisi vijana tulitazama ule mteremko.

Ulikuwa mrefu, laini, na mvua iliulainisha kila siku. Mtu wa kwanza kuuteleza aliuteleza kwa makalio, bila kupenda, na ndoo ya maji mkononi. Tulicheka mpaka tukalia, na tulikuwa hatujacheka tangu tuhame. Kesho yake binamu yangu alivunja mtumbwi uliooza, akatoa mbao za ubavuni, zile zilizopinda kidogo mbele. Ukiupaka ubao bamia upande wa chini, ukausimamia mguu mmoja mbele mmoja nyuma, magoti umeyakunja, unashuka kama umekatwa kamba. Sisi tumezaliwa tukisimama mitumbwini na upondo wa kusukumia. Kusimama juu ya kitu kinachokwenda si kazi kwetu.

Baadaye, karibu na chini, vijana wakajenga nundu ya udongo, tukaiita nundu kwa sababu ya ng'ombe wa Waorma. Ubao ukiipanda unaruka. Ukiruka vizuri unatua mbali, na wasichana wote wanakutazama. Ndiyo raha, na ndiyo hatari yenyewe, maana aliye juu ya tuta haoni ng'ambo ya nundu. Aliyeanguka kule amejificha kama aliye nyuma ya ukuta.

Jambo hili aliliona mdogo wangu kabla ya mtu yeyote. Alikuwa ndiye aliyenifuata ziwa, msichana kama mimi ila mwembamba, mdomo hauna breki, na vijana wote wakubwa kwake walimsikiliza. Siku ya kwanza ya nundu binamu yetu aliponea chupuchupu kugongwa, na jioni ile mdogo wangu akaweka sheria. Hakuna aliyebisha. Kandokando ya nundu atasimama mtu mmoja, ataitwa jicho. Jicho ana leso nyekundu. Leso ikiwa juu, kule chini kweupe, shuka. Leso ikilazwa chini, kuna mtu, kaa. Na juu kabisa, pale pa kuanzia tulipopaita mlango, atakaa mtu mwingine, mshika mlango. Leso ikilazwa, yeye anakaa kitako mlangoni na kupiga kelele, "Nimeshika!" Mpaka jicho asikie hilo neno, haruhusiwi kwenda kumwinua aliyeanguka. Akishalisikia, anakwenda bila wasiwasi hata kama aliyeanguka ni mzito kama gunia la mahindi.

Na mgeni alikuwa na sheria zake. Mgeni siku ya kwanza hapandi ubao, anakaa anatazama. Siku ya pili anateleza kwenye kituta cha watoto, huko pembeni, ajifunze kuanguka kiubavu. Nundu haigusi mpaka jicho amwambie. Ukianguka na unaweza kujivuta, jivute pembeni kwanza, kulia utalia baadaye. Ukiutoboa udongo kwa kisigino, unarudi kuuziba kwa mikono yako, usimwachie mwenzako shimo. Na aliye chini ndiye mwenye njia. Wewe wa juu ndiye una macho na ndiye unayekuja, kwa hivyo ni juu yako.

Nakumbuka kijana mmoja wa Kiorma, mrefu, kikoi kimefungwa juu ya magoti. Alikuja akataka nundu siku hiyohiyo.

Mdogo wangu akamwambia, "Kaa chini, kaka. Tazama kwanza."

"Mimi nimevusha ng'ombe mto umejaa. Huu udongo utanishinda?"

"Ng'ombe ana miguu minne. Wewe unayo miwili, na mmoja unatetemeka."

"Ni baridi."

"Basi kaa, upate joto."

Wenzake walimzomea kwa Kiorma mpaka akakaa, na yeye mwenyewe akacheka. Baada ya siku kadhaa alikuwa anaruka kutushinda sisi, na zamu yake ya kuwa jicho alikuwa mkali zaidi ya mdogo wangu. Mtu anaweza kufundishwa. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Wiki zote zile, watu wa mashamba na watu wa ng'ombe, wakubwa na wadogo, hakuna aliyevunjika hata kidole.

Halafu uchaguzi ukakaribia, na mgombea udiwani akatukumbuka.

Alikuja na pikapu kupitia kipande cha barabara kilichobaki, amebeba masufuria ya pilau, kipaza sauti, vijana wa mjini Garsen, na mpiga debe wake, yule mtu mfupi mwenye sauti ya bati. Alibeba pia leso za kuwagawia kina mama. Leso nyekundu. Sikulitilia maanani, nani angelitilia? Kina mama walikuwa wanavaa matambara. Walizipokea, wakajifunga, na zilizobaki mpiga debe akawaambia wazipunge juu kila atakapotaja jina la mheshimiwa.

Mheshimiwa alikula, akahutubia, halafu akaona mbao. "Hii ni nini?" Akaelezwa. Akafurahi. Akasema vijana wateleze, awaone, na wageni wake nao washindane na wenyeji.

Mdogo wangu akamwendea pale alipokaa. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia kila neno.

"Mheshimiwa, shikamoo. Wageni hawapandi siku ya kwanza. Wanatazama."

"Marahaba, binti. Kwani hii ni shule?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Si shule, lakini kule chini hakuonekani. Kuna jicho, na kuna mshika mlango. Wageni wako hawajui."

"Basi wataambiwa," akasema. "Haya, nendeni mkatufurahishe." Akamgeukia mpiga debe wake, akamwonyesha mbao kwa kidole. Hakumwambia mtu chochote kuhusu jicho wala mlango. Nilikuwepo. Hakusema.

Tukaanza sisi wenyeji. Mdogo wangu alikwenda kusimama kwenye nundu, ndiye jicho. Binamu yetu alikaa juu, ndiye mshika mlango. Waliruka wawili watatu vizuri, wakapigiwa makofi na wala pilau. Zamu yangu ikafika. Leso ya mdogo wangu ilikuwa juu, binamu akaniachia, nikashuka. Nilipanda nundu vizuri lakini nilitua vibaya, kifundo cha mguu kikapinda, nikabaki palepale. Nilijaribu kujivuta pembeni. Mguu ulikataa.

Nililala chali nikamwona mdogo wangu pale juu kandokando. Alilaza leso chini. Nilimwona akifanya hivyo kwa macho yangu haya. Na nikasikia sauti ya binamu kutoka juu, "Nimeshika!" Mdogo wangu alisubiri alisikie hilo neno, kisha ndipo akashuka kunifuata. Akafika, akasema, "Umenenepa kwa pilau la watu." Akainama.

Yaliyotokea juu aliyesimulia ni binamu, naye hajabadilisha hata neno moja miaka yote hii. Alikuwa amekaa kitako mlangoni. Mpiga debe akaja na kipaza chake, nyuma yake mmoja wa wale vijana wa Garsen, karani wa duka la jumla, mtu mnene, ubao umeshapakwa bamia.

"Ondoka hapo, ni zamu ya wageni."

"Bado. Leso iko chini."

Mpiga debe akageuka akatazama mteremko. Pembeni, karibu na nundu, kina mama wamejipanga, leso zao nyekundu zote juu, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetoka kuwaambia wapunge. "Wewe kipofu?" akasema. "Leso ziko juu. Zote ziko juu!"

"Siyo hizo! Leso ya jicho ni moja, na iko chini!"

Akamshika binamu shingo ya shati, akamwinua kama anayeng'oa muhogo, akamtupa kando. Akamsukuma karani mgongoni. Na kwa kipaza akasema, "Shukaaa!"

Karani naye aliona leso. Aliwasikia vijana wakisema leso ikiwa juu unashuka, akaziona zimejaa juu. Lakini alimwona pia mtu akikaa mlangoni na kusema bado, na hakuuliza kwa nini. Alipogundua amefanya nini aliacha kucheka, akatutazama, akakimbia akizunguka tuta na kiatu kimoja. Hakurudi kutunyanyua.

Walioshuka kutuchukua walikuwa binamu na yule Morma mrefu. Mdogo wangu alikuwa bado anapumua. Pumzi zilikuwa zinapita kwa shida, kama maji yanayopita kwenye majani. Binamu alipanda mbio mpaka kwenye pikapu.

"Mheshimiwa, gari. Tafadhali. Zahanati Garsen."

Mheshimiwa alikuwa ameshaingia ndani. Alisema, "Gari lina wageni na vyombo. Mtumbwi utawafikisha haraka zaidi." Kisha pikapu ikawashwa, na wageni na vyombo wakaondoka kwenda Garsen.

Sisi tulikwenda Garsen kwa mtumbwi. Nilimpakata. Yule Morma, ambaye alikuwa hajawahi kushika upondo, alikaa mbele akitoa maji kwa kibuyu. Mahali fulani katikati ya mashamba yetu wenyewe, yaliyokuwa chini yetu ndani ya maji, zile pumzi ziliacha kupita. Binamu aliendelea kusukuma. Hakuna aliyemwambia aache.

Makaburi yetu yalikuwa chini ya maji pia. Tulimzika juu ya tuta, upande wa ng'ombe, kwa sababu huko udongo ulikuwa mkavu zaidi. Waorma walitupisha.

Yule mheshimiwa alishinda uchaguzi. Maji yaliporudi mtoni alikuja kwenye baraza, akasimama, akasema vijana wafundishwe kuacha michezo ya kijinga. Akasema, "Yule binti, Mungu amlaze pema, aliingia njiani mwenyewe." Nikainuka kusema. Hilo goti langu linainuka polepole, na kabla sijasimama sawasawa baba alinivuta nguo. "Kaa, mama," aliniambia kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye anayegawa unga." Nikakaa. Baba alikuwa na wajukuu wa kulisha, simlaumu. Ila neno likabaki pale barazani, na watu wakalibeba kwenda nalo majumbani, mpaka Chara, mpaka Wenje. Leo mtoto asiyemjua mdogo wangu akicheza vibaya huambiwa, utakufa kama yule aliyeingia njiani.

Yeye! Yeye aliyeitengeneza hiyo njia!

Sasa baba hayupo, unga najilimia mwenyewe, na hakuna wa kunivuta nguo. Mpiga debe ana duka lake na kipaza bado anacho, hukikodisha kwa harusi. Karani nilikutana naye sokoni, akavuka barabara. Na wewe mheshimiwa mstaafu, kila msiba Garsen unawekewa kiti cha mbele. Nimekuona. Na wewe umeniona ninavyochechemea, ukageuza uso ukaulizia chai.

Nitakuja msiba ujao, nitasimama mbele ya kiti chako, na binamu yangu atasimama kando yangu. Mbele ya watu walewale utajibu. Mdogo wangu alikwambia kuna jicho na kuna mshika mlango, au hakukwambia? Leso yake ilikuwa chini, au haikuwa chini? Nani alimtoa mshika mlango pale mlangoni, na alikuwa mtu wa nani? Ukishajibu, chukua hicho kipaza sauti cha mtu wako, useme ni nani aliyeingia katika njia ya nani.