Jeki Nyekundu ya Mtani Wangu

"Diploma haiinui gari." Ndivyo walivyosema Nachingwea niliporudi kutoka Dar es Salaam na kufungua gereji yangu mwenyewe kwenye kiwanja cha baba. Walisema msimu wa korosho utanikuta nimeshakimbilia mjini. Leo hao hao wananipungia mkono wakipita, nami naitikia nikipenda.

Ila jambo moja lilininyima raha: sikuwa na jeki. Nilikuwa naazima. Ya kuzungusha nilichukua kwa shemeji yangu wa Kiegei, ya mafuta kwa dereva wa parokia kule Mnero. Zote zikikosekana, nilivuka barabara kwenda kwa fundi ambaye kwa kabila ni mtani wangu. Hakusomea ufundi popote. Lakini alikuwa na jeki nyekundu ya magurudumu, na sakafu ya saruji. Mimi nilikuwa na mchanga. Nilipoisikia ile jeki ikiviringika kwake, hata chakula kilinishinda.

"Mtani, umekuja na jogoo?" alipiga kelele mbele ya wateja. "Bila jogoo, diploma haiazimi kitu hapa!"

"Majogoo wetu si mliwaiba wote nyie!"

Watu wakacheka. Kwa mtani hukasiriki, kwa hiyo nilikuwa nakasirikia nyumbani.

Siku hiyo mama mmoja wa Matambarale, mnunuzi wa ufuta, alikuwa ameegesha pikapu yake kwangu. Alisikia yote.

"Kumbe jeki ni ya kuazima," alisema. "Mwanangu, dereva wangu ni mtoto wa dada yangu, na huwa anaingia chini ya gari pamoja na fundi. Ukipata vyako, nitarudi."

Akamwambia dereva avuke barabara. Nikaitazama pikapu yake ikiingia kwenye saruji ya mwenzangu.

Niliuza mabati niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya nyumba, nikaenda Ruangwa kwenye duka la vipuri. Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye jeki nyekundu, kubwa kuliko ya mtani. Nikaushika mpini. Nilishaiona sura yake atakaponiona nikiishusha.

Muuzaji akasema, "Hiyo ndiyo wanayochukua wote."

Neno hilo likaniamsha. Mimi si wote. Nikaipandisha mpaka mwisho wake, nikapima kwa shubiri: isingefika kwenye chasisi ya pikapu iliyoinuliwa springi kwa ajili ya barabara zetu. Ingefaa gari dogo. Magurudumu yake nayo yalikuwa membamba, kwenye mchanga wangu yangezama. Pembeni kulikuwa na jeki ya kijivu, nzito, mbaya kwa sura, yenye magurudumu mapana, na ilipanda juu sana. Nilichagua hiyo, roho ikiniuma kwa ile nyekundu. Nikachukua na stendi nne za chuma zenye miguu mipana na pini ya kuzuia, maana jeki ni ya kuinulia tu. Gari hukaa juu ya stendi.

"Mtani, umenunua punda?" fundi yule alinipokea nilipoishusha.

Nilitandaza mabati mazito ya tangi bovu juu ya mchanga, na mama wa Matambarale alipokuja, nikaiinua pikapu yake nikaikalisha juu ya stendi. Nikamwambia aisukume. Akaisukuma kwa bega, kisha akamwita dereva naye asukume. Haikutikisika.

"Haya, ingieni," akasema. Tangu siku hiyo haijavuka barabara.

Wa kwanza kulipwa fadhila alikuwa shemeji: gari lake nililifunga springi bila kumdai kitu. Dereva wa parokia nilimtengenezea breki. Akabaki mtani. Akaja mwenyewe, mchana kweupe. Pikapu ya mteja, iliyoinuliwa springi, ilikuwa imeishinda jeki yake nyekundu.

"Jogoo yuko wapi?" nikauliza kwa sauti iliyofika sokoni.

Alikuwa naye kwapani. Nikacheka mpaka machozi, nikampokea jogoo, nikampa jeki, tukaisukuma pamoja hadi kwake. Ilipogusa saruji iliteleza kimya, vizuri kuliko ilivyowahi kuteleza kwangu. Wivu ukanirudia pale pale.

Sikuwa na deni tena kwa mtu aliyeniazima. Nikambeba jogoo wangu, nikavuka barabara, nikapitia dukani kuulizia bei ya saruji.