Task Manager, regedit, cmd zote zimekataa kufunguka, na eulogy ya watu iko ndani ya mashine

Wakuu, salamu kutoka Manyatta, Kisumu. Nimeketi na chai yangu na nitawaeleza ilivyokuwa. Chumvi sijaongeza, na penye sikumbuki nitasema sikumbuki.

Mimi ni mama wa cyber. Chumba kimoja, laptop mbili, na desktop moja nzee ya Windows XP.

Msicheke. Hiyo desktop ndiyo pekee inayosikizana na printer yangu kubwa. Laptop zimejaribu, driver imekataa. Na kazi yangu kubwa ni programu za mazishi, kwa hivyo hiyo nzee ndiyo inanilisha.

Jumatano moja alikuja Mama Apiyo, muuza samaki, jirani yangu. Alikuwa amefiwa na mume, na mazishi yalikuwa Jumamosi kwao Asembo Bay. Alikuja na shemeji yake, Mzee Ogola, kaka ya marehemu na msemaji wa familia. Walitaka niandike eulogy, yaani wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini.

Kwa wasiojua mambo ya huku: orodha ya watoto ikisomwa mazishini, kila anayetajwa anasimama watu wamwone. Kukosa kutajwa ni kufukuzwa bomani hadharani. Watu wamekosana miaka kwa sababu ya hiyo paragraph moja.

Mama Apiyo ni mke wa pili. Mtoto wake wa kwanza, Adhiambo, aliishi wiki tatu tu. Alitaka jina lake liandikwe.

Mzee hakutaka. "Tunaandika wenye wako," alisema. "Huyo ata hakuna mtu anamkumbuka."

"Mimi namkumbuka, Baba," Mama akajibu. "Na marehemu alikuwa anamkumbuka."

Walibishana karibu asubuhi nzima, mimi vidole juu ya keyboard. Mwishowe mzee akachoka. "Haya, andika. Lakini hii ndio ya mwisho. Nikisikia imeandikwa upya, tutasoma yangu."

Nikaandika. Nikasave. Kabla sijaprint, stima ikapotea. Mzee akaenda Asembo kusimamia mambo ya kaburi na hema, tukakubaliana niprint kesho picha ya marehemu ikifika.

Sasa sikieni ujinga wangu.

Alhamisi picha ilikuja kwa ile mimi huita flash ya matanga. Mnaijua. Ni moja kwa familia nzima. Binamu anaweka picha Obunga, shangazi anaongeza kwa cyber ya Asembo, inazunguka kila mahali ikikusanya picha na magonjwa. Huwa naichomeka kwa laptop kwanza, niscan. Siku hiyo laptop zote zilikuwa na wateja wanajaza fomu, nikaona uvivu kungoja. Nikaiweka kwa desktop moja kwa moja.

Dakika chache baadaye folder ya eulogy ikawa shortcut.

Nikaclick, kimya. Nikaclick tena, na tena, kama mtu anayebisha nyumba ya mdeni. Baadaye nilielewa kila click ilikuwa inaamsha virus upya.

Nikaita Task Manager. Dirisha likapepesa mara moja, likapotea. Regedit, hivyo hivyo. Msconfig, hivyo hivyo. Cmd haikungoja hata nisome. Antivirus icon iko, lakini haifunguki. Folder Options, ile ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, imeondolewa kwa menu kabisa.

Nikajaribu Safe Mode. Blue screen, ikarestart. Nikarudia mara nne kwa sababu mimi ni mbishi.

Najua mtasema toa hard disk uichomeke kwa mashine nyingine. Disk yenyewe ni IDE, adapter sina. Mtasema boot na CD. CD drive ilikufa zamani, na hiyo mashine haijui kuboot na flash. Nimewajibu mapema tusipotezeane wakati.

Fundi mmoja ninayemjua akaniambia kwa simu, "Piga format, madam." Nikamkatia simu. Nilikasirika, na nilikuwa najikasirikia mwenyewe.

Mama Apiyo akaingia saa nane hivi kuchukua programu. Nikamwambia ukweli wote, hata ya flash. Hakunigombeza. Aliketi tu akasema, "Ukiandika upya, Ogola atasema nimeongeza zangu. Adhiambo atatoka."

Nikamwambia, "Mama, keti hapo. Sijashindwa."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini wakuu, koleo zangu zote zilikuwa zimevunjika, na programu zilitakiwa Ijumaa asubuhi mwili ukitoka mortuary.

Akawa ananitazama nikiita cmd, inapotea. Naita, inapotea. Akauliza, "Hiyo yenye unaita inaitwa nani?"

Nikamwambia inaitwa cmd, na kila nikiiita kuna kitu kinaifunga.

"Sasa mbona unaita na jina moja tu?" akasema. "Mtoto akilia akatae kunyamaza, si unamwita majina ya watu wa nyumba wenye walishakufa? Unataja huyu, unataja huyu. Ukifika kwa yenye anataka, ananyamaza."

Mila hiyo naijua, hata mimi jina langu la pili lilipatikana hivyo. Nilitaka kumwambia mashine si mtoto. Halafu nikajiuliza: kama hii virus inatambua tools kwa jina la faili tu?

Nikaingia C, Windows, System32, nikatafuta cmd, nikaicopy kwa desktop. Right click, Rename.

"Nipe jina," nikamwambia.

"Dorka," akasema bila kufikiri. Dorka alikuwa mama mkwe wake, sasa marehemu. Ndiye alimshika mkono siku walipomzika Adhiambo.

Nikaandika Dorka. Double click.

Dirisha jeusi likafunguka, likakaa. Nililia kidogo, sitawaficha.

Ukweli ni kwamba jina lolote lingefungua. Ningeandika Sukuma Wiki ingefungua. Lakini hiyo sikumwambia, na msimwambie.

Ndani ya Dorka nikapiga attrib -h -s -r na /s /d kwa ile folder. Eulogy ikatokea, nzima. Kabla ya kufanya kitu kingine chochote niliprint kopi moja, nikampa aishike.

Halafu nikarudi vitani. Nikacopy regedit pia, nikaipa jina lingine, ikafunguka. Nikaenda mpaka Image File Execution Options. Hapo nikakuta taskmgr.exe, regedit.exe, cmd.exe na msconfig.exe zimepangwa, kila moja na Debugger inayoelekeza kwa virus. Yaani ukiita Task Manager, Windows inatumwa iamshe virus. Nikafuta hizo nne tu. Msifute zingine msizozijua.

Task Manager ikafunguka kwa jina lake. Nikaua process, nikafuta faili lake na mstari wake kwa Run, ule unaoiamsha kila mashine ikiwaka, nikarestart. Ikawaka safi. Picha nikaitoa kupitia laptop, vile ningefanya tangu mwanzo, na kufika jioni programu zote zilikuwa zimekunjwa.

Jumamosi nilienda Asembo. Niliketi nyuma ya hema, roho juu.

Mzee Ogola alisoma mwenyewe. Watoto wa nyumba ya kwanza wakasimama mmoja mmoja. Akaingia nyumba ya pili. Akafika hapo, akaondoa miwani, akapangusa, akarudisha.

"Adhiambo, aliyetangulia."

Watu wakaanza kugeuka, wanatafuta ni nani atasimama.

Mama Apiyo akasimama. Alikaa wima hivyo mpaka mzee akaenda jina linalofuata.

Wakuu, mimi nimejifunza haya. Kazi ya mtu ikikamilika, itume kwa email siku hiyo hiyo, kabla stima haijapotea. Flash ya matanga isiguse mashine yako ya pekee. Na tool ikikataa kufunguka, icopy, ibadilishe jina, kabla hujasikiliza mtu wa format.

Wenye mashine nzee, nyinyi mlitokaje kwa hii shida? Na kuna mtu anajua njia ya kurudisha Safe Mode kwa XP? Hiyo bado inanisumbua. Wa kuniambia ninunue mashine mpya, pita tu pole pole, usigonge meza.