Wimbo wa Kaburini Uliokwenda Harusini

Wimbo ule niliutunga nikiwa nyuma ya bodaboda, natoka shambani Litapunga kuja mjini, baada ya kupigiwa simu kwamba binti yangu amefariki hospitalini. "Nifungulie, mwanangu, nimefika." Siku ya maziko niliuimba kaburini, wenzangu wa kwaya wakaitikia, na kijana anayetupigia kinanda alisimama karibu yangu akilia. Machozi yake niliyaamini.

Mwaka haukuisha, nikausikia kwenye harusi, Majengo. Mpiga kinanda ni yule yule, mwendo ameuharakisha, na pale penye "mwanangu" ameweka "mpenzi". Maharusi waliingia nao ukumbini huku watu wakipunga vitambaa. Nilikuwa na sahani yangu ya pilau mkononi, nikatamani kummwagia.

Kesho yake nilimfuata.

"Mama, kwani nyie kwaya si mnaimba nyimbo za watu kila Jumapili? Mliwahi kumwomba nani?"

Hapo alisema kweli. Nusu ya nyimbo zetu tumezidaka redioni. Lakini sisi hatujawahi kumtoa marehemu wa mtu ndani ya wimbo tukamweka bwana harusi.

Nilikwenda kwa afisa utamaduni. Alinisikiliza vizuri, akasema wimbo ni wangu hata kama sikuusajili, na anayetaka kuupiga mbele za watu lazima aniombe ruhusa, achilia mbali kuubadili maneno. "Ila akikana, mama, utahitaji mashahidi waliousikia kwako kwanza."

Nikamwambia mashahidi ninao, tulizika pamoja. Nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alikuwa na udhuru. Jirani yangu, aliyemwosha binti yangu kwa mikono yake, alinimiminia chai kwanza, kisha akasema, "Achana naye, mama. Wimbo umependwa, na kijana anatafuta riziki." Kikulacho ki nguoni mwako. Chai yake sikuinywa.

Mwezi uliopita tulikwenda kuweka msalaba kaburini. Nikauanzisha wimbo wangu taratibu, kama siku ile. Kwenye kiitikio mabega ya watu yakaanza kucheza. Jirani yangu akaitikia "mpenzi", akajiziba mdomo. Nilikasirika, nikataka kuwafukuza wote, nibaki peke yangu na mwanangu. Nikainamisha uso nisiwaone. Pale chini, kwenye udongo wa kaburi, mguu wangu mwenyewe ulikuwa unapiga mwendo wa ukumbini.