Hisa za Gesi na Swali la Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, Singida mjini, nilivaa viatu vya kuazima. Nilikuwa nimeajiriwa kuthamini hisa katika mfuko wa akiba wa wakulima wa alizeti. Watu walituachia fedha zao za uzeeni, nasi tukazinunulia hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni, tukavishika miaka mingi. Meneja wa Uwekezaji hakunikaribisha hata kiti. Alinisukumia taarifa ya mwaka ya kampuni moja ya gesi, akauliza, "Binti, ukienda kununua alizeti ikiwa bado shambani, unaikagulia wapi?"

"Katikati ya shamba," nikajibu. Kwetu Kinampanda hata mtoto anajua kwamba mistari ya kando ya barabara ndiyo inayopaliliwa vizuri, ili wapita njia waisifie.

"Basi na humo ingia katikati. Kurasa zenye picha ni za barabarani."

Nilimwelewa nusu. Niliona gawio, ile sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, likitoka kila mwaka bila kukosa. Nikalithamini kama tunavyothamini shamba zuri: limetoa mwaka huu, litatoa mwakani, litatoa miaka ishirini. Nikaandika tununue, na tukanunua. Ni kosa la mtu aliyelelewa na jembe.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Nduguti. Huko, siku moja kazi ikiwa imepoa, niliirudia ile taarifa kuanzia nyuma, kwenye maandishi madogo. Nikakuta akiba iliyothibitishwa, maana yake gesi ambayo wataalamu wana hakika iko chini na inaweza kutolewa kwa faida. Nikaigawanya kwa gesi inayotolewa kila mwaka. Ikaja miaka saba. Nikarudia hesabu, ikaja saba tena. Kampuni haikuwa imegundua kisima kipya hata kimoja. Lile gawio nono lilikuwa kisima chenyewe, kinagawiwa mpaka kiishe. Na mama yangu alikuwa mwanachama wa mfuko.

Nilimpigia Meneja simu. Nilitegemea atanifukuza, na kusema kweli ningeshukuru.

"Nenda ukawaambie wenye mali," akasema. "Mimi sitakusemea."

Mkutanoni Mwenyekiti wa Wanachama, mzee asiyecheka ovyo, alinipa nafasi. Nilieleza hesabu yangu. Sikueleweka, wengine walipiga makofi waliposikia neno gawio. Ndipo mama akasimama nyuma, safu ya mwisho.

"Mwanangu, huko kisimani wanapanda tena lini?"

"Hawapandi, mama. Kikiisha, kimeisha."

Waliokuwa wakipiga makofi wakashusha mikono. "Kwa hiyo mimi nikishindwa kulima..." akasema, hakumalizia, akakaa. Tuliziuza zile hisa kwa hasara. Mama aliendelea kuniitikia shikamoo yangu, lakini kwa muda mrefu hakuongeza neno jingine. Tangu hapo sikuwahi kutia sahihi bila mkono kuwa na jasho.

Sasa nimestaafu, na akiba yangu ya uzeeni imo katika mfuko ule ule. Juzi mthamini wa sasa, binti msomi na mwenye adabu, alinipitia nyumbani na taarifa ya kampuni nyingine ya gesi.

"Shikamoo, bibi. Wanachama wameipenda sana. Tunaipitisha Jumamosi."

"Marahaba." Nikaifungua kutoka nyuma, nikaigawanya akiba ya gesi kwa kidole mezani. Miaka sita. Kwenye karatasi yake yeye alikuwa ameandika miaka ishirini ya gawio, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamwonyesha.

"Watapata visima vingine tu, bibi," akasema.

"Hukuogopa ulipoandika?"

Akatabasamu. "Niogope nini? Gawio halijawahi kukosa."

Alipoondoka nilishindwa kula.

Jumamosi nitakwenda. Nitakaa safu ya mwisho, maana umri wangu sasa ndio ule wa mama siku ile, na jembe limeshanishinda. Nitasimama mbele ya watu wanaotaka kupiga makofi, nimuulize binti huyo wanapanda tena lini.