Ukuta wa Fundi Lim

Nauza rangi, saruji na dawa za kuzuia maji hapa Kilung, mji ambao mvua ikikatika siku tatu watu wanaanza kuulizana kuna nini. Mafundi wa kuta nawajua wote, wazuri na matapeli. Lim Kok-chuan ndiye bora kuliko wote, na nasema hivyo ingawa alinichosha miaka sita mizima.

Kuna ugonjwa wa nyumba tunauita kansa ya ukuta. Rangi inavimba, inapasuka, unga mweupe unamwagika sakafuni, halafu kuvu inafuata. Fundi Lim akiitwa hagusi kitu kwanza. Anavua kofia, anaweka sikio ukutani na kugonga kwa mpini wa mwiko. Anagonga, anasikiliza, anasogea. Panapolia kama boga tupu anachora duara kwa chaki, kisha anabomoa mpaka kwenye tofali, hata mwenye nyumba apige kelele vipi.

"Fundi, si upake tu rangi juu yake?" mteja mmoja alimwambia mbele yangu.

"Mama, ukivaa blauzi safi bila kuoga, utanukia?"

Mama yule alicheka mpaka akaruhusu ukuta mzima ubomolewe.

Kok-chuan mwenyewe anakaa juu ya ngazi nyuma ya duka langu, kwenye nyumba iliyoegemea kilima. Siku moja nilimpelekea mfuko wa chokaa aliousahau, nikaingia sebuleni kwake kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kuanzia darini hadi usawa wa kiuno. Harufu ilinipiga usoni.

"Huoni haya?" nikamwambia. "Kuta za mji mzima umezitibu, wa kwako unaoza!"

"Siwezi kuugusa, Dada Kuan. Giok-lan yuko hapo."

Giok-lan ndiye marehemu mkewe. Madhabahu ya wazee wao ilisimama kwenye ukuta ule ule, na kibao chenye jina lake kilikuwa pale pamoja na vya wakwe zake. Kwetu madhabahu haisogezwi hata upana wa kidole bila wenyewe kuulizwa.

"Si uwaulize?"

"Nauliza. Kila tarehe mosi na kila tarehe kumi na tano."

"Wanasemaje?"

"Giok-lan anacheka," akasema, na uso wake ukalainika kidogo.

Tunauliza kwa vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja, tumbo upande wa pili. Unauliza, unaviangusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine tumbo juu, marehemu amekubali. Matumbo yote juu, amekataa. Bapa zote juu, vikawa vinabembea sakafuni, basi anacheka: swali halijaeleweka, uliza tena vizuri. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba kicheko si hapana. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali. Akajibu kwamba anajua na kwamba atauliza tena. Miaka ikapita anauliza, na kuvu ikashuka chini ya kiuno.

Mwaka jana binti yake, Phei-ju, alikuja kutoka Taichung siku ya pili ya mwaka mpya, siku ya mabinti walioolewa kurudi kwao. Alikuja na mtoto wake Iu-chen, wa miaka minne, mwenye kifua cha shida. Kabla hata chakula hakijaondolewa mezani mtoto alikuwa anakohoa na midomo imebadilika rangi. Waliondoka wamemfunga blanketi, kwenye mvua. Kok-chuan alibaki mlangoni ameshika kiatu kimoja cha mtoto.

Mwaka huu Phei-ju alinipigia simu dukani, maana siku hizi baba yake akiona jina lake hapokei.

"Shangazi Kuan, mwambie baba daktari amekataza mtoto kulala tena penye kuvu. Ukuta ukiwa vile vile tutakula na kuondoka. Na mwakani sidhani kama nitamleta."

"Mwambie mwenyewe, mwanangu."

"Nimemwambia mara ngapi? Ananiambia mama bado hajakubali." Alikuwa analia. "Mama gani angekataa hilo, shangazi?"

Ilikuwa tarehe mosi ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, mwezi wa mwisho kabla ya mwaka mpya. Nilifunga duka mchana kweupe nikapanda ngazi. Mlango ulikuwa wazi na Kok-chuan amepiga magoti mbele ya madhabahu, hakunisikia.

"Giok-lan," alisema, "unaonaje mambo ya ukuta?"

Akaangusha. Kimoja bapa, kimoja tumbo. Amekubali, lakini amekubali nini? Akaviokota, akauliza vile vile, akaangusha tena. Matumbo yote. Akaviokota. Mara ya tatu bapa zote zikatazama juu, vipande vikabembea, na mabega ya mzee yakatikisika. Alikuwa anacheka naye.

"Wee Kok-chuan!" nikapayuka. "Swali gani hilo? Anaonaje! Atajibu ndiyo au hapana? Mtu umesikiliza kuta miaka arobaini, kuuliza hujui?"

Hakugeuka. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimejiandaa kukasirika zaidi yake.

"Kuuliza najua," akasema. "Dada Kuan, unakumbuka alivyokuwa anacheka? Mpaka dukani kwako mlikuwa mnamsikia. Nikimuuliza vizuri atajibu, na akishajibu tumemaliza maneno. Nikimuuliza vibaya, anacheka."

Niliona aibu, nikaona na huruma, na hata hasira yangu ilikuwa haijaisha. Nikakaa kwenye kigoda.

"Iu-chen akikohoa," nikamwambia taratibu, "Giok-lan atacheka?"

Akaviokota vile vipande, akavipangusa kwa shati.

"Giok-lan. Nikuhamishie chumbani mpaka mwisho wa mwezi, nibomoe ukuta huu, mjukuu wako aje alale?"

Kimoja bapa, kimoja tumbo. Akarudia, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo. Tatu mfululizo hazina ubishi. Alibaki ameinama, anavitazama kama mtu aliyekatiwa simu.

Mwezi ule hakupokea kazi ya mtu. Alibomoa mpaka kwenye tofali, akakuta maji ya kilima yakipenya nyuma ya ukuta, akayachimbia mfereji. Aliacha ukuta ukauke kwa feni siku kumi na tatu, akapaka dawa mara tatu, akapiga lipu na rangi nyeupe. Akamrudisha Giok-lan mahali pake. Phei-ju alipofika siku ya pili ya mwaka mpya aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu. Iu-chen alilala sebuleni siku mbili na hakukohoa hata mara moja. Siku ya nne ya mwaka wakarudi kwao.

Siku iliyofuata nilimpelekea Kok-chuan keki ya figili ya mwaka mpya. Alikuwa amemwandalia mkewe samaki, machungwa na wali, na amepiga magoti kumuuliza kama ameshiba, kama sote tunavyouliza kabla ya kuondoa vyombo. Akaangusha. Kimoja bapa, kimoja tumbo.

"Ameshiba," akaniambia, lakini hakuinuka. Aligonga ukuta mpya kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ulikuwa mzima kabisa.

"Zamani hata hili nilikuwa naliuliza mara nne, mara tano, anacheka tu, samaki anapoa," akasema. "Siku hizi ananijibu mara moja."