Mama Kajipa Mbili

Mama anafua na kupiga pasi shuka katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Meneja wao wa zamani alihama ghafla, hakuacha hata neno moja kuhusu nani anafanya kazi vipi. Meneja mpya, dada mmoja kutoka bara, ana mwezi tu hapo, na ndiye wa kuwapima kwa kazi ya mwaka mzima. Kwanza kila mtu ajipe alama mwenyewe, moja mpaka tano, kisha aitwe wazungumze. Atakayebaki chini ya tatu hatoongezewa mkataba.

Mama kajipa mbili.

"Mbili, mama?"

"Sasa nijipe tano, nionekane nna maringo?"

Kumbe wenzake wote wa kufulia wamejipa mbili, isipokuwa mmoja, aliyezidisha adabu akajipa moja na nusu.

Jioni mama akanikalisha kwenye kochi, ati mimi ndiye meneja, tufanye mazoezi. Mimi, ambaye skuli nikiulizwa jina langu nnatizama viatu.

"Eleza kazi uliyoifanya vizuri," nikasema, huku nnatizama miguu yake.

"Alhamdulillah, tunajitahidi."

"Taja moja."

"Kama ipi?"

"Si zile shuka ulizozitoa madoa ya hina!"

"Zile Mungu tu alisaidia."

Nikamwambia nimemfukuza kazi. Akaniambia meneja ainuke akakoshe vyombo.

Siku ya kuitwa, alirudi nyumbani Kiembe Samaki kanuna, nikajua tumekwisha. Lakini hakutaka kukaa kabla hajasimulia. Meneja aliwaambia hawezi kuwahukumu kwa mwaka ambao hakuwepo, na hizo mbili zao hazimsaidii kitu. Basi waingie wawili wawili, kila mmoja amseme mwenzake wa zamu, kwa jambo aliloliona kwa macho yake.

Mwenzake mama wa zamu ni bibi mmoja wa Chukwani. Hawasemezani tangu alipoozesha binti yake asimwalike mama. Hata pasi wanapokezana kimya.

"Akasemaje?"

Mama akapandisha pua juu, akamwigiza. "'Mimi na huyu hatusemezani, meneja, na ulijue hilo. Lakini siku umeme ulipokatika na wageni wamo njiani, alikwenda kuwasha pasi ya makaa, akapiga shuka zake, akapiga na zangu, bila ya kuniambia neno. Mpe nne. Tano usimpe, ana kiburi.'"

"Na wewe ukamsemaje?"

"Mkono wake mwepesi, shuka zake hazina hata kunyanzi. Ningesema uongo? Nikasema na yeye apewe nne."

"Kwa hiyo mkataba tumepata!"

"Tumepata," alisema, akivua buibui taratibu kama aliyetoka matangani. "Sasa kesho itabidi nimsalimie. Nnaanzaje, mwanangu? Nshazoea kumnunia."