Nyuki wa Stesheni ya Zamani

Ukipita stesheni ya zamani ya Ruiru umwone mzee ameketi hapo na chai, huyo ni Kyengo. Msalimie vizuri. Mimi nimekuonya.

Alikuja kutoka Ukambani akiwa kijana, akipakia magunia ya kahawa kwa treni. Mizigo ilipoisha, wenzake wakaenda viwandani Thika. Yeye akabaki kuchunga hiyo nyumba ya mawe ya stesheni, analala chumba cha nyuma. Nyuki wakahamia juu ya dari, chumba cha tiketi, na Mkamba na nyuki ni ndugu, si unajua? Alikuwa anawapulizia moshi, anavuna asali, na hakuna mtu aliwahi kuumwa.

Halafu Njau, tajiri mmoja wa mtaa, akakodi jengo, anataka klabu. Akang'oa mabati ya nyuma, akauza, kisha akaambia mtaa mzima mwizi ni Kyengo. Na watu wakaamini! Hata kanisani mzee alikuwa anakaa benchi peke yake kama mgonjwa. Akahamia Kamenu, huko Thika, kwa binti yake, Wavinya. Kupoteza chumba hakukumuuma. Jina ndilo lilimuuma. Lakini hakuteta hata siku moja. Na mtu asiyeteta, wewe muogope.

Siku ya kufungua klabu, DJ akaweka bass. Dari ikatetemeka, nyuki wakamwagika. Wueh! Warembo wa vilabu vya Kamakis walitoka mbio bila viatu, DJ akapita kwa dirisha la tiketi.

Njau akapigia mzee simu. "Kyengo, baba yangu, kuja na moshi!"

Mzee alifika bila haraka, kopo la moshi mkononi, halijawashwa.

"Kwanza waambie nani aliuza mabati."

"Sawa, ni mimi," Njau akanong'ona.

"Kwa maiki."

"Mzee, maiki iko ndani!"

"Najua."

Sisi tulikuwa ng'ambo ya reli, mtaa mzima hadi watu wa kanisa, simu juu tunarekodi, hakuna wa kumtetea Njau. Njau akajifunga kitambaa cha meza kichwani, akaingia. Spika za nje zikaanza:

"Kyengo hakuiba... uuui! Mabati niliuza mimi... mamaa!"

Kyengo akaanza kutafuta kiberiti, mfuko baada ya mfuko, polepole kabisa.

"Sijasikia vizuri. Rudia!"

Njau akarudia, sauti ikilia. Mzee akapata kiberiti. Akakiangalia, akakirudisha mfukoni, akageukia watu wa kanisa lake.

"Na nyinyi wa huko nyuma, mmesikia ama arudie?"

"Arudie!" wakajibu.